Wasiomo Kwenye Kalenda

Harrison alikuwa amekwisha kumhukumu mkewe kabla Laurean hajamaliza kuvua viatu mlangoni.

"Soma hapo, halafu uniambie kama mimi ni fala," alisema, akiisukuma simu mezani.

Simu ilikuwa ya Chepkemoi, mke wa Harrison, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha la fleti yao ya Brooklyn Park, mikono mapajani, macho yamevimba. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na kikumbusho alichokiandika mwenyewe: Jānis, Juni 24, maua. Harrison akasogeza kidole, ikaja picha. Chepkemoi anacheka, amevaa sweta la kijani, na kifuani pana bruchi, pini ya pambo ya fedha, kubwa kama kisosi, yenye vijiwe vyekundu kuizunguka.

Laurean hakuja kusuluhisha ndoa. Alikuwa mpelelezi wa kampuni inayopeleka wahudumu majumbani kwa wazee, Mtanzania wa Bukoba aliyekuja kusoma akabaki, na bruchi ile ndiyo iliyomleta. Ijumaa iliyopita Bernardine, binti wa bibi kizee wa Kilatvia anayeitwa Skaidrīte, wa kule Oakdale, alileta malalamiko kwamba bruchi ya mama yake imeibwa. Mhudumu wa mama huyo kwa miaka mitatu alikuwa Chepkemoi. Kampuni ilimsimamisha kazi siku hiyohiyo.

Ripoti ilitakiwa kwenda kwenye ofisi ya jimbo leo, Jumanne, saa kumi alasiri. Ikisema kwamba Chepkemoi amemwibia mzee asiyejiweza, jina lake lingeingia kwenye orodha ya jimbo ya wahudumu waliofungiwa, na hakuna hospitali wala nyumba ya wazee ambayo ingemwajiri tena Minnesota nzima. Hakuwa na kazi nyingine aliyosomea.

Erick alikuwa amekwisha kuandika rasimu ya kumtia hatiani. Huyo Erick ndiye aliyepewa ukuu wa kitengo mwezi Februari, kiti ambacho Laurean alikuwa amekingojea miaka sita, na tangu hapo kila neno la Erick lilimkera, hata salamu. Laurean hakujidanganya. Kilichomtoa kitandani asubuhi hiyo hakikuwa kupenda haki peke yake. Alitaka pia Erick awe amekosea.

"Huyo Janis ni nani?" Harrison aliendelea. "Bibi yangu anampelekea maua, yeye anamnunulia silver, na mimi ndiye natoka nje kwa snow kumwashia gari. Wamepigana picha kwa hoteli gani sijui."

Laurean aliikuza picha. Nyuma ya bega la Chepkemoi ilitundikwa kalenda ya kuchana, yenye namba 22, na pembeni yake kona ya fremu ambayo wagonjwa hujishikilia wakitembea.

"Hoteli yenyewe inapokea wageni wasioweza kutembea," alisema. "Dada Chepkemoi, Jānis ni nani?"

"Ni marehemu, kaka. Ni ndugu yake Skaidrīte. Amezikwa Saint Paul, karibu miaka kumi na moja sasa. Mimi ndiye hum-drive akampelekee maua."

Harrison aliketi. Kumwonea wivu marehemu kunataka moyo.

Chepkemoi alieleza taratibu, na Laurean hakumkatiza. Kwa Walatvia kila tarehe ya kalenda ina majina yake mawili matatu, na ikifika tarehe yenye jina lako, hiyo ni siku yako, unaoka keki na watu wanakuja. Juni ishirini na tatu ni ya akina Līga, na inayofuata ni ya akina Jānis wote, wazima na wafu. Marehemu hupelekewa maua manne au sita. Matano ni ya walio hai. Majina mengine yaliletwa na kanisa, yakaota mkia wa Kilatvia. Mengine ni ya asili: Dzintars ni kaharabu, Laima ni bahati, na Skaidrīte lenyewe ni kitu kilicho wazi, chenye nuru. Kila mwaka bibi huyo aliletewa kalenda kutoka Riga, na Chepkemoi aliweka vikumbusho kwenye simu ili mzee asipitwe na siku ya mtu.

Alifundishwa hata asili yao. Zamani hapakuwa na Walatvia, palikuwa na Wakurši wa pwani, Walatgale, Wazemgale na Waseli, na pembeni yao Walivi wenye lugha ya mbali kabisa, na karne kwa karne wakawa taifa moja. Skaidrīte alijihesabu Mkurši. Chepkemoi akamwambia kwao ni vivyo hivyo, Wakipsigis na Wanandi na wengineo, kisha wote wakaitwa Wakalenjin. Bibi alifurahi kama aliyeona ndugu aliyepotea.

"Akaniuliza jina langu ni la siku gani. Nikamwambia Chepkemoi ni msichana wa kuzaliwa usiku. Akaangalia kalenda yote, hakuna. Ndiyo akanionyesha twenty-second May. Kalenda za siku hizi wameweka hiyo siku ni ya majina yote haiko kwa kalenda. Tangu mwaka wa kwanza ananifanyia."

Jumatano iliyopita, basi, palikuwa na keki. Bibi aliandika jina la Chepkemoi kwa kalamu kwenye karatasi ya siku ile, akamvika sweta lake mwenyewe la kijani ili pini nzito isichane sare, akambandika bruchi. Wakapiga picha moja. Chepkemoi alipomrudishia sweta, alirudisha na bruchi kwenye kisanduku chake, maana kampuni hairuhusu zawadi. Aliondoka saa kumi na moja. Kesho yake asubuhi alikuta kitu kidogo kilichomshangaza: kalenda ilikuwa imekwisha kuchanwa, iko tarehe ishirini na tatu. Kazi hiyo alizoea kuifanya yeye na bibi pamoja, asubuhi, kabla ya chai.

"Yeye hawezi kuchana usiku?"

"Hawezi. Husema siku haitolewi kabla haijaisha."

Laurean akauliza nani mwingine ameiona picha. Hakuna, alisema, ila Harrison, na yeye aliichimbua Jumapili. Laurean alitoa mfukoni nakala ya malalamiko ya Bernardine, akasoma mstari wa nne, akausoma tena. Kisha akavaa viatu. Alimwomba Chepkemoi amfuate na gari lake hadi Oakdale, akae humohumo garini hadi aitwe. Harrison alitaka kuja pia. Laurean alimshauri abaki nyumbani, kule akina Jānis wa kumwonea wivu walikuwa wengi.

Bernardine alifungua mlango kabla kengele haijalia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mrefu, mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na macho yake hayakumtazama Laurean. Yalipita juu ya bega lake yakatua kwenye gari lililokuwa ng'ambo ya barabara.

"Huyo haingii humu," alisema.

Laurean alisema bado hajaomba aingie. Walizungumza kwa Kiingereza, yeye kwa upole wa kikazi, Bernardine kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri. Sebuleni Skaidrīte alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mdogo, msafi, sweta la kijani mabegani. Alikuja nchi hii na wazazi wake akiwa na miaka kumi, baada ya vita na baada ya kambi za Ujerumani, na kwa miaka zaidi ya sabini Kiingereza chake hakikuwa na kasoro. Majira ya baridi yaliyopita ugonjwa wa kusahau ulikichukua karibu chote. Ilibaki lugha ya utotoni. Alimwambia Laurean sentensi ndefu, yenye adabu, na Laurean akamtazama Bernardine amfasirie.

"Mimi sijui Kilatvia," Bernardine alisema. "Anayejua ni yule uliyemwacha garini."

Hapo Laurean aliwakumbuka watoto wake wawili, ambao huwaita kwa Kiswahili wakamjibu kwa Kiingereza. Aliliweka hilo pembeni, akaomba aonyeshwe droo.

Droo ilikuwa ya kabati la chumba cha kulala, haina ufunguo. Kisanduku kilikuwa mahali pake, kitambaa kimekunjwa vizuri, bruchi haimo. Pete ya dhahabu ya ndoa ilikuwa pembeni ya kisanduku hichohicho, na mkufu. Laurean aliziandika. Aliuliza nani mwenye funguo za nyumba. Ni Bernardine na Chepkemoi tu. Aliuliza Bernardine alifika lini mara ya mwisho kabla ya Ijumaa. Bernardine alijibu pale pale kwamba alikuja Jumapili ya tarehe kumi na tisa, na kati ya siku hizo hakukanyaga.

Jikoni, mlango wa pembeni ulikuwa na kioo. Kutoka nje mtu aliweza kuona meza yote na ukuta wenye kalenda. Ndani ya mlango wa kabati la vikombe palikuwa na msumari mrefu, na kwenye msumari karatasi za kalenda zilizochanwa, moja juu ya nyingine tangu mwaka mpya.

"Mama hatupi kitu," Bernardine alisema. "Nitazichoma hizo."

"Usizichome leo."

Laurean alizipekua kwa ncha ya kalamu, kuanzia juu, hakutaka haraka. Mei ishirini na saba. Ishirini na sita. Ishirini na tano, nne, tatu. Kisha Mei ishirini na moja. Alirudi nyuma akahesabu upya mwezi mzima, halafu Aprili, halafu Machi, ili baadaye Erick asije kumwambia kwamba karatasi hupotea. Hakuna nyingine iliyokuwa imepotea.

Bernardine alisema labda iliangukia kwenye taka. Laurean alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, akaiweka nakala ya malalamiko mezani.

"Mama, naomba nikusomee maneno yako," alisema. "Mstari wa nne. 'Anaivaa kama ya kwake, juu ya sweta la kijani.' Sweta ni hilo alilovaa mama yako. Chepkemoi alilivaa siku moja tu, Jumatano tarehe ishirini na mbili, mchana. Picha iko moja, na hakumpa mtu. Wewe ulimwona wapi?"

Macho ya Bernardine yalikwenda kwenye kioo cha mlango.

"Tena mwizi wa fedha huchukua fedha. Pale ndani ameacha pete ya dhahabu na mkufu, akachukua bruchi moja, halafu akapita jikoni akachana karatasi yenye jina la mhudumu. Karatasi haiuziki. Aliyeichukua hakutaka mali. Hakutaka kuliona jina."

Kikulacho ki nguoni mwako, na Laurean alikuwa amewaona wengi wakikaguliwa nguo zao. Wengine hufoka. Bernardine aliuchukua mkoba wake kutoka kwenye kiti, akaufungua, akaitoa bruchi ikiwa imefungwa ndani ya karatasi ya kalenda, akaiweka mezani. Alikuwa ametembea nayo siku sita.

"Nilimletea dawa yake wakati wa chakula cha mchana," alisema. "Nikafika kwenye kioo hicho. Mama alikuwa anambandika. Bruchi ya bibi yangu, iliyovuka bahari imeshonewa ndani ya koti. Na alikuwa anaimba. Mimi mama hajawahi kuniimbia."

Aliongea huku akitazama ukuta. Alipokuwa mdogo walimpeleka shule ya Jumamosi ya Walatvia, na kila mtoto pale alikuwa na siku yake: leo Anna, kesho Ilze, keki na maua mezani kwa mwalimu. Yeye jina lake lilitoka kwa mama mzazi wa baba yake, Mkatoliki wa Kijerumani wa huku Minnesota, na kalenda haikulijua. Akamuuliza mama yake siku yangu ni ipi. Mama akajibu kamuulize baba yako, yeye ndiye aliyechagua. Alikuwa na miaka saba. Shule hiyo hakurudi tena, na lugha akaikataa palepale.

"Na sasa siku ipo," alisema. "Imo kwenye kalenda, ya wote wasiokuwamo. Halafu anampa huyo. Mwanamke wa kulipwa kwa saa. Namwonea wivu, andika hivyo, andika kwa herufi kubwa. Anamwambia yote, Wakurši na kila kitu. Mimi ninayo damu hiyo na sijui hata kuomba chumvi."

Jioni ile alirudi baada ya Chepkemoi kuondoka, mama yake amesinzia, akachukua vitu viwili. Alitaka Chepkemoi atoke kwenye nyumba ile, basi. Mambo ya orodha ya jimbo hakuyafikiria hadi yalipoandikwa.

Laurean alisema mtuhumiwa ana haki ya kuona kitu kimepatikana, akaenda mlangoni, akapunga mkono. Chepkemoi aliingia akisimama kila hatua mbili. Aliiona bruchi mezani. Skaidrīte naye alimwona, uso ukafunguka, akaanza kuongea mfululizo, na Chepkemoi akamjibu maneno machache kwa sauti ndogo. Bernardine aliwatazama wote wawili kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Laurean alimweleza Chepkemoi kwa Kiswahili, kwa maneno mafupi, kilichotokea na kwa nini. Alitegemea hasira. Chepkemoi alifuta macho kwa kiganja, akamgeukia Bernardine, akazungumza Kiingereza.

"Hakunipa mimi siku yako. Meza ilikuwa ya watu watatu."

"Watatu gani?"

"Sahani tatu. Yake, yangu na yako. Pengine kwenye kioo nilikuwa nimeikinga kwa mgongo. Mwaka wa kwanza nilimuuliza hii ya tatu ni ya nani, akasema ni ya binti yangu, naye hayumo kwenye kalenda, hii ni siku yake. Tukakungoja hadi jioni. Mwaka wa pili hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo."

Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Skaidrīte hakuwa Mswahili, na la binti yake aliliweka.

"Kwa nini hukunipigia simu?" Bernardine aliuliza. "Miaka mitatu. Una namba yangu."

"Niliishika simu. Alinikataza. Alisema siku ya jina haialikwi, anayekukumbuka anakuja mwenyewe. Ukimwita mtu, umemtia aibu kwamba amesahau. Nilifikiri unajua. Nilifikiri watu wenu wote wanajua."

Bernardine alikuwa amengoja mwaliko maisha yake yote, kama anavyongoja Mmarekani yeyote. Alisimama akiwapa mgongo, akafungua bomba, akaosha kikombe kilichokuwa safi. Alikiosha kwa muda mrefu. Laurean alijaza fomu. Kwamba bruchi ilipatikana mikononi mwa mlalamikaji, ambaye aliichukua mwenyewe tarehe ishirini na mbili. Kwamba mhudumu hana kosa. Saa yake ilisema saa saba na nusu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari alitamani sana kumpigia Erick.

"Nitatia sahihi," Bernardine alisema bila kugeuka. "Andika hakuiba. Halafu mniletee mhudumu mwingine."

Laurean aliinua kalamu. Alimuuliza kama amesikia alichoambiwa.

"Nimesikia. Ndiyo maana. Siwezi kusimama hapa kila wiki nikiambiwa na mtu mwingine mama yangu anasema nini. Hana kosa, na bado siwezi. Leta mtu asiyejua neno, tulingane."

Haki hiyo alikuwa nayo, mkataba ulisema hivyo. Laurean aliliandika ombi kwenye nafasi ya chini, na Bernardine akatia sahihi yake. Chepkemoi hakubisha. Alikuwa ameokoa jina lake, na alijua wengi wasioondoka hata na hilo. Alikwenda hadi kwenye kiti, akainama, akamkumbatia bibi kizee, akasimama na funguo za gari mkononi.

Skaidrīte alimshika mkono wa nguo asimwache. Akasema kitu kifupi, akakirudia, mara hii akimtazama Bernardine.

Bernardine alimtazama mama yake, kisha midomo ya mama yake, kisha akalazimika kumtazama Chepkemoi.

"Anasemaje?"

"Anauliza kesho saa ngapi," Chepkemoi alisema. "Mimi sina jibu. Mwambie wewe."

Hakuna aliyemsaidia. Laurean alijishughulisha na kifuniko cha kalamu. Bernardine alifungua mdomo, na kwa lugha ambayo mama yake angeielewa hakuwa na hata neno moja. Bibi kizee aliuliza tena, mara ya tatu, sasa kwa wasiwasi.

"Huwa unakuja saa ngapi?" Bernardine aliuliza.

"Saa mbili asubuhi."

Bernardine aliichukua fomu mkononi mwa Laurean, akalifuta ombi lake kwa mistari miwili, akaandika herufi za mwanzo za jina lake pembeni kama utaratibu unavyotaka. Uso ulikuwa uleule wa kwenye mlango.

"Mwambie saa mbili, kama kawaida," alisema. "Na umwambie mimi nitakuwa hapa saa moja."